Kalamu "Inayokubali Zote" Inakubali Zipi?

Duka la vifaa vya simu, Moshi, si mbali na Soko la Kati. Mwalimu ameweka Samsung Galaxy Tab S6 Lite juu ya kaunta. Kalamu yake imepotea, anataka nyingine. Kijana wa duka anafungua boksi, anatoa kalamu nyeupe, anaigusa kichwani na taa ndogo ya bluu inawaka. Anaijaribu kwanza kwenye iPad yake mwenyewe. Mstari unatoka mwembamba, mweusi, safi kabisa.

"Umeona, madam? Hii inakubali zote."

Anaihamishia kwenye kishikwambi cha mwalimu. Hakuna kitu. Anakandamiza zaidi. Hakuna kitu. Anaizima, anaiwasha tena.

"Itakuwa haina chaji ya kutosha. Ukifika nyumbani ichaji masaa mawili, itakaa sawa."

"Lakini mwanangu, mbona kwako imeandika?"

Swali hilo halikujibiwa pale kaunta, na wiki zote hizi limekataa kunitoka kichwani. Yule kijana hakuwa tapeli. Kalamu ilikuwa nzima na ina chaji, iPad ilishuhudia. Kishikwambi cha mwalimu nacho kilikuwa kizima. Ungeichaji kalamu ile mpaka Pasaka, isingeandika hata nukta kwenye ile Samsung.

Vitu viwili vizima, muuzaji mkweli, na bado biashara mbovu.

"Orijino au feki?" si swali la kwanza

Ukisimama kwenye maduka ya Barabara ya Sokoine pale Arusha utasikia wateja wakianza na swali hilohilo: ni orijino? Lina maana, lakini linakuja mapema mno. Apple Pencil ya orijino, imetoka kwenye boksi lake leo, haiandiki kwenye Samsung. S Pen, yaani kalamu ya Samsung, ya orijino haiandiki kwenye iPad. Kalamu ya kompyuta ya Surface ya Microsoft haiandiki kwenye yoyote kati ya hizo mbili.

Kalamu ni nusu tu ya kifaa. Nusu nyingine imo chini ya kioo, na hiyo huibadilishi dukani.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza kishikwambi chako kinasubiri kalamu ya aina gani. Vingine havisubiri yoyote.

Kilicho chini ya kioo

Kioo cha kawaida cha mguso kinahisi chaji ndogo ya umeme inayovutwa na kidole. Kimetengenezwa kupuuza kitu chembamba, ndiyo maana kalamu ya bei rahisi kabisa ina ncha ya mpira yenye upana wa milimita kadhaa: inajifanya kidole. Haina betri wala akili yoyote, na inategemea mwili wako kupitisha umeme. Ukitaka kuhakikisha kwamba ni ya aina hiyo, izungushie kitambaa kikavu na kikubwa kidogo pale unapoishika. Mara nyingi itaacha kuandika. Jamii hiyo ndiyo pekee inayokubali karibu kila kioo cha mguso, na ndiyo mbaya kuliko zote kwa kuandika, kwa sababu kioo hakiwezi kutofautisha ncha na kiganja chako.

Aina ya pili ni ya Samsung zenye S Pen. Nyuma ya skrini kuna bao jembamba la nyaya linalotoa uga wa sumakuumeme. Ndani ya kalamu kuna koili na kapasita. Zinapokea nguvu kutoka kwenye bao, kisha zinarudisha ishara kwa masafa maalumu. Ukikandamiza ncha, masafa yanabadilika kidogo, na kishikwambi kinajua umekandamiza kiasi gani. Teknolojia hii imekuzwa na kampuni ya Wacom ya Japani. Uzuri wake kwetu ni kwamba kalamu haihitaji betri kuandika. Mwongoza watalii anayekaa siku kadhaa Serengeti akijaza fomu kwenye kishikwambi ana kifaa kimoja tu cha kutafutia umeme.

Aina ya tatu ina betri na inatoa ishara yake yenyewe, ambayo kioo cha mguso kimefundishwa kuisikiliza. Hapa ndipo vurugu ilipo. Apple ina ishara yake, Microsoft ina ya kwake, Wacom ina nyingine kwa ajili ya kompyuta, Chromebook nyingi zinatumia USI, ishara ya pamoja ya kampuni kadhaa, na Huawei na Xiaomi nao wana zao. Kalamu ya mmoja mbele ya kioo cha mwingine ni kama redio iliyofunguliwa stesheni isiyokuwepo: inawaka, haisemi.

Kalamu ya pale dukani ilikuwa ya aina hii ya tatu, imetengenezwa kuiga ishara inayosikilizwa na iPad. Samsung ya mwalimu ilikuwa inasubiri koili.

Taa ya bluu ilikuwa inasema kweli kuhusu betri tu.

Samsung: angalia herufi, usiangalie umbo

Fungua mipangilio, nenda sehemu ya kuhusu kishikwambi, soma namba ya modeli. Tab S6 Lite ya mwaka 2020 ni SM-P610, au SM-P615 kama ina laini. Ile P ni habari njema. Mfano mzuri zaidi ni Tab A ya inchi 10.1 ya 2016: iliuzwa kama SM-T580 na pia kama SM-P580. Ziweke mezani kwa mbali zinafanana, lakini yenye P ina bao la S Pen na yenye T haina. Hivyo hivyo Tab A ya inchi 8 ya 2019: SM-P205 inaandika, SM-T295 haiandiki.

Usiifanye hiyo P kuwa sheria, lakini. Tab S7 ni SM-T870 na Tab S8 ni SM-X700, na zote mbili zinakubali S Pen. Upande wa pili, Tab A7 (SM-T500), Tab A8 (SM-X200) na Tab A9 hazina bao hilo kabisa. Mwenye Tab A8 akiuziwa S Pen, hata ya orijino, amenunua kijiti.

Njia ya haraka kuliko namba: azima S Pen ya mtu, isogeze karibu na kioo bila kukigusa. Kama bao lipo, nukta itatokea kwenye skrini kalamu ikiwa bado hewani.

Habari nzuri ni kwamba ukishajua bao lipo, uwanja ni mpana. S Pen ya Tab S6 Lite itaandika kwenye Tab S7. Utakosa tu kupiga picha kwa mbali na mambo mengine ya bluetuthi, na sioni nani anayeyahitaji darasani. Staedtler nao wanayo Noris digital, kalamu yenye umbo la penseli, isiyo na betri, inayoandika kwenye vishikwambi hivi. Ya kukwepa ni S Pen Fold Edition iliyotoka na simu ya Galaxy Z Fold3 mwaka 2021. Jina ni S Pen, masafa ni mengine. Kwenye Tab haiandiki.

iPad: hapa mitego ni ya Apple wenyewe

Mwenye iPad ana bahati moja: zote zilizotoka 2018 na kuendelea zinakubali kalamu fulani. Tatizo ni hilo neno "fulani".

Anza na iPad za mtumba. iPad ya kizazi cha 5, ya 2017, ni A1822. Ya kizazi cha 6, ya 2018, ni A1893. Kwa macho ni pacha: kitufe kilekile, inchi 9.7 zilezile. Ya kwanza haikubali Apple Pencil yoyote. Ya pili inakubali Apple Pencil ya kizazi cha 1. Namba imeandikwa kwa herufi ndogo nyuma, au kwenye mipangilio sehemu ya kuhusu kifaa. Ukikuta namba ndefu inayoanza na M, iguse mara moja, itageuka kuwa ile ya A.

Apple Pencil ya kizazi cha 1 (A1603) inachomekwa kwenye tundu la Lightning na inafaa iPad za kizazi cha 6 hadi cha 9. Ya kizazi cha 2 (A2051) inanata ubavuni kwa sumaku na kuchaji hapohapo. Inafaa iPad Air ya kizazi cha 4 na cha 5, mini ya kizazi cha 6, na iPad Pro za 2018 hadi 2022.

Sasa mtego. iPad ya kizazi cha 10 ina kingo bapa kama Air, ina USB-C kama Air, na watu wanaibebea Apple Pencil ya kizazi cha 2. Haikubali. Inakubali ile ya kizazi cha 1, tena kwa adapta, au ile ya USB-C ya 2023. Na iPad Pro ya M4 na Air ya M2, zote za 2024, nazo zimeiacha ya kizazi cha 2; zinataka Apple Pencil Pro au ya USB-C. Yaani unaweza kuwa na pesa, duka zuri, kalamu ya orijino na iPad mpya, na bado ukarudi Machame mikono mitupu.

Ile ya USB-C nayo ina siri yake. Inanata ubavuni kwa sumaku, lakini hapo haichaji; inachaji kwa waya tu. Na haina mgandamizo: ukibonyeza sana au kidogo, mstari ni uleule.

Hilo ndilo lililonifanya nibadili msimamo kuhusu zile kalamu nyeupe za kuiga. Kwa muda mrefu ningemwambia mtu azikwepe. Lakini kwenye iPad za 2018 na kuendelea kalamu hizo zinaandika, zinapuuza kiganja, nyingi zinatambua kuinamishwa, na hazina mgandamizo. Hazitofautiani sana na kile ambacho Apple walikiuza Marekani kwa dola 79. Kwa mwanafunzi anayeandika nukuu na kupigia mistari kwenye PDF, naona inatosha. Anayechora, hapana, bila mgandamizo hakuna kivuli wala wino unaonenepa na kukonda.

Angalizo moja: hazifanyi kazi kwenye iPad Pro za 2015 hadi 2017. Hizo zinataka Apple Pencil ya kizazi cha 1 tu.

Kompyuta zinazogeuka

Arusha kuna HP, Dell na Lenovo nyingi za mtumba zenye skrini inayokunjwa mpaka nyuma. Kwenye Windows, fungua mipangilio, sehemu ya mfumo, halafu kuhusu. Kuna mstari wa kalamu na mguso. Ukitaja mguso peke yake bila kalamu, funga mjadala. Ukitaja vyote viwili, bado hujamaliza: ishara inaweza kuwa ya Microsoft au ya Wacom. Dell wanayo kalamu PN579X inayozungumza zote mbili, na kwa mtu asiye na uhakika hiyo ndiyo salama. Kabla ya kulipa, uliza inatumia betri gani. Kalamu nyingi za kundi hili zinataka AAAA, A nne, nyembamba kuliko zile za rimoti, na si kila duka linaziweka.

Huenda ya zamani haijafa

Hapa ndipo ningemrudisha mteja nyumbani kabla hajatoa hela, ikiwa kalamu yake ipo ila imegoma.

Ncha ya Apple Pencil inafunguliwa kwa kuzungusha kinyume na saa. Ikilegea, mistari inakatika katika. Ikaze kwa vidole tu. Ncha ya S Pen inavutwa kwa kibano, inatoka nzima. Ikiisha upande mmoja inakwaruza na kubaki imezama, na kalamu inaandika yenyewe. S Pen inayoacha alama hata kabla haijagusa kioo mara nyingi imeanguka: kiini cha koili ndani kimepasuka au sehemu ya mgandamizo imebanwa. Badili ncha kwanza. Ikiendelea, hiyo imekwisha.

Apple Pencil ya kizazi cha 1 ina ugonjwa mwingine. Ikikaa droo miezi mingi bila chaji, betri yake inashuka mno na haiamki tena. Apple wenyewe walisema sekunde 15 za kuchaji zinatoa dakika 30 za kuandika, kwa hiyo ikichomekwa robo saa na bado haionekani kwenye orodha ya betri, usidanganyike na "iache ilale kwenye chaji".

Halafu kava. Sumaku za kava lililokunjwa nyuma ya Samsung zinapotosha uga wa bao, na mstari unapinda sehemu ileile kila mara. Vua kava, weka kishikwambi juu ya meza ya mbao, si juu ya laptop, chora tena.

Swali la mwisho ni gumu kidogo kumuuliza mtu: kioo kimewahi kubadilishwa? Kwenye Samsung, bao la kalamu lina fleksi yake, yaani utepe mwembamba wa nyaya, mbali na ule wa mguso. Fundi akiikata, au akifunga skrini isiyo na bao, kidole kitafanya kazi vizuri kabisa na kalamu haitafanya. Kwenye iPad, kioo kisicho cha orijino mara nyingi kinafanya mistari itetemeke. Hapo unaweza kununua kalamu tatu na tatizo likabaki palepale.

Hili ndilo linalonitia shaka zaidi kwenye biashara nzima ya kalamu mbadala: kifaa cha mtumba hakina kumbukumbu ya mafundi waliopita.

Kaunta

Maduka mengi yana kile kibao: mali ikishauzwa hairudishwi. Basi jaribio lifanyike kabla ya pesa, na lifanyike kwenye kifaa chako. Usikubali jaribio la kwenye simu ya muuzaji. Usiende na jina la kishikwambi kichwani. Nenda nacho chenyewe, kina chaji, protekta iliyozoeleka ikiwa juu yake.

Fungua programu ya kuandikia. Weka rula mshazari juu ya kioo, vuta mstari polepole sana. Kasi inaficha ubovu. Polepole ndipo mawimbi yanaonekana. Fanya hivyo pembe zote nne, kwa sababu kalamu dhaifu zinapotea ukingoni. Kisha laza kiganja chote na uandike sentensi nzima ya mwandiko wako wa kawaida. Ukurasa ukisogea, ukikuza, au ukiacha madoa ya kiganja, kalamu hiyo inajifanya kidole hata kama ncha yake ni nyembamba. Zipo nyingi hivyo, zenye betri na taa na ncha ya milimita moja, na kwenye boksi zimeandikwa zinafaa Android zote. Kuandika zinaandika. Kuishi nazo ni kuandika mkono ukiwa hewani.

Anayetaka sahihi tu kwenye stakabadhi za mizigo, ya mpira inamtosha na abaki na chenji yake.

Vumbi la kiangazi nalo lihesabiwe. Chembe ikikaa kati ya ncha ngumu na kioo inachora mstari usiofutika, na kalamu zenye kisahani cha plastiki cha uwazi ndizo zinazoibeba zaidi. Futa kioo kabla ya kuandika. Protekta zile za kukwaruza kama karatasi ni tamu kuandikia, ila zinakula ncha haraka.

Kalamu isipopatikana Moshi wala Arusha, itaagizwa Kariakoo na kupanda na basi. Mwombe muuzaji video fupi moja isiyokatwa: aanze na ukurasa wa mipangilio wenye namba ya modeli sawa na yako, atoke hapo, aweke rula, avute mshazari polepole, alaze kiganja. Akisema hana kifaa hicho, anakuuzia bahati. Akiwa nacho, mwambie kwenye kifurushi hichohicho atie pakiti ya ncha za akiba za modeli hiyo, maana nauli ya basi kwa ncha peke yake haina maana.